Sifa za Kidirisha

Waliotangulia walisifu majahazi, wakasifu minazi, na harusini kwetu hakosekani mzee wa kumsifu bibi harusi ambaye hajapata kumtia machoni. Na mimi mnipe nafasi nikisifu kile kidirisha kinachochomoza kwenye kona ya chini ya skrini, mkono wa kulia, kikasema kwa upole: masasisho yako tayari, tuwashe upya sasa au baadaye? Nimeishi nacho miaka tisa. Katika muda huo watu wameoana na kuachana mtaani kwetu, sisi bado tuko pamoja. Aliyekitengeneza sitamtaja, maana ana mawakili wengi kuliko wakazi wa mtaa wangu.

Nianze na sifa ndogondogo, tuzimalize. Kina kumbukumbu ya mwenye duka anayekudai. Hakina ubaguzi: kinamtokea profesa katikati ya mhadhara, ukumbi mzima ukitazama ukutani, kama kinavyomtokea kijana wa steshenari anayechapa tangazo la msiba. Na kinajua kuheshimu ukarimu. Weka bando la wiki Jumapili usiku. Jumatatu asubuhi utakuta kimelimaliza lote, kama mgeni aliyelelewa vizuri anayejua kwamba kubakiza chakula ni kumvunja moyo mwenye nyumba.

Hizo za njiani. Sifa yake kuu ni adabu, na hapo naomba mnivumilie kidogo.

Tazama vitufe vyake. Kimoja kimeandikwa "Sasa", kingine "Baadaye". Tafuta cha tatu, hakipo. Neno "hapana" halimo, na halijasahaulika. Limeachwa kwa makusudi na mtu aliyelelewa na bibi yake. Nani kati yetu aliyepata kumwambia mtu hapana? Jirani akija kuomba mkopo unamwambia tusubiri mwisho wa mwezi. Ukialikwa kwenye kikao cha harusi cha mtu usiyemjua unasema inshallah, na wote wawili mnaelewa. Mshenga haambiwi hapana hata siku moja. Anaambiwa binti bado anasoma, na binti anaendelea kusoma mpaka anastaafu. Mimi nilidhani ustaarabu huo ni wetu watu wa pwani peke yetu. Kumbe umevuka bahari, ukaingizwa kwenye mfumo endeshi, ukarudishwa kwetu ndani ya boksi pamoja na chaja.

Kwa hiyo napendekeza tuufuate mfano huo mpaka mwisho. Ukanushi wote uondolewe kwenye sarufi ya Kiswahili: si-, hu-, ha-, hatu-, ham-, hawa-, ziende zikapumzike. Wageni wanaojifunza lugha yetu watalia kwa furaha. Mtoto akiulizwa kama ameoga, badala ya "sijaoga" atajibu "baadaye", jambo ambalo, kusema kweli, analifanya tayari. Mahakamani hakimu atauliza, "Mshtakiwa, unakiri kosa?" na mshtakiwa atajibu, "Nikumbushe baada ya siku saba." Bungeni kura zitakuwa mbili, ndiyo na baadaye. Talaka zitakwisha. Deni litakuwa neno la heshima. Na mwalimu wa Kiswahili, atakapoulizwa na mwanafunzi mdadisi hapo zamani watu walikataaje, atatazama dirishani kwa muda mrefu, kisha ataomba swali hilo liulizwe kipindi kijacho.

Siku moja nilikuwa natafsiri mkataba wa upangishaji wa ghala, kurasa kumi na mbili, za kukabidhiwa saa sita mchana. Saa tano na nusu nilikuwa kwenye kifungu cha mwisho. Kidirisha kikachomoza. Nikabonyeza "Baadaye", kama nilivyofanya mara thelathini kabla ya hapo, nikaenda jikoni kumimina chai. Niliporudi na kikombe, skrini ilikuwa na vidoa vinavyozunguka na maandishi mawili: asilimia 27, na onyo kwamba nisizime kompyuta. Asilimia 27. Chai ikapoa ikiwa 27. Mteja akapiga simu ikiwa 27.

Hii ni kompyuta yangu! Nimeinunua kwa fedha ya jasho, risiti ninayo, na ndani ya kompyuta yangu kuna mahali ninaporuhusiwa kujaza saa zangu za kazi ili nisisumbuliwe, na saa hizo zisizidi 18. Nani alinipangia 18? Kuna kikao kilikaliwa. Kuna mtu alisimama kwenye kikao hicho akasema tuweke kitufe cha "Hapana", na mwingine akamwambia, kaa chini. Kidirisha hakikujizaa.

Samahani. Nilikuwa kwenye sifa.

Haki yake nikipe. Mei 2017 virusi vilivyoitwa WannaCry vilifunga kompyuta katika nchi nyingi na kudai fidia. Uingereza hospitali za umma ziliahirisha matibabu kwa sababu mafaili ya wagonjwa hayakufunguka. Dawa ya upenyo vilimopitia, yule nisiyemtaja alikuwa ameshaitoa tangu Machi, miezi miwili kabla, lakini kompyuta nyingi zilikuwa hazijawekewa. Kwa hiyo kidirisha kinapobisha hodi huenda kina jambo la maana. Ndivyo alivyo pia mjumbe wa mtaa, naye hakuna anayemkubalia aingie chumbani saa tano usiku akahamishe vitanda.

Mpwa wangu ni fundi wa kompyuta. Aliponikuta natukana peke yangu alichomoa flashi mfukoni. "Mjomba, achana na huo mfumo. Weka Linux." Akanipa na historia, kwa sababu watu wa Linux hawawezi kukupa kitu bila historia: kwamba ilianzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, kwamba mwaka 2004 Mark Shuttleworth, mtu wa Afrika Kusini, akatoa iitwayo Ubuntu, neno ambalo sisi tunalitamka utu, kwamba zamani ukiomba walikuwa wanakutumia sidii kwa posta bila malipo. Nilimwambia aweke, asiendelee.

Wiki mbili za kwanza nilikuwa mtu mwingine. Printa ilinuna siku mbili, kisha ikapatana nasi. Masasisho yapo na huku, ila yanakaa kibarazani yakisubiri mwenye nyumba aseme karibu. Nikitaka naandika amri mwenyewe, naweka nywila, naona kila kifurushi kinavyoshuka na ukubwa wake, naamua kama bando linatosha. Nilianza kuwashauri watu nisiowajua kwenye daladala. Nilichora hata jedwali la kulinganisha mifumo, lenye safu za bei, usalama, uhai wa betri na amani ya moyo.

Kisha nikatakiwa kujaza fomu ya ofisi moja.

Fomu ilikuja kwa barua pepe. Nikaijaza kwa LibreOffice, nikaihifadhi kama odt, nikaituma. Kesho yake simu: faili halifunguki. Nikaeleza kwa heshima kwamba odt ni muundo uliokubaliwa na ISO tangu 2006. Upande wa pili pakawa kimya, kimya cha mtu anayetazama saa. Ningependa kumweleza pia kwamba mwaka 2004, hapa hapa Dar es Salaam, wataalamu wa Chuo Kikuu walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, na kwamba odt ni mtoto wa ukoo huohuo. Kutoka Mlimani hadi ofisini kwake ni nauli ya daladala moja. Miaka yote hiyo lile faili halijafika.

Nikahifadhi upya kwa muundo wanaoutaka. Ikasogea mistari miwili tu. Ile mistari miwili ikakisukuma kisanduku cha mhuri hadi ukurasa wa pili, kikakaa huko peke yake kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake. Nikaitwa dirisha namba 4.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Fomu yako imeharibika. Tumia kompyuta ya kawaida."

Kompyuta ya kawaida! Nilisimama pale na lile jedwali langu kichwani, safu ya amani ya moyo ikiwa imejazwa alama kumi, nikatambua kwamba uchaguzi niliokuwa nauhangaikia ulikwisha kufanyika zamani, na haukufanywa na mimi wala na mpwa wangu. Aliyeandaa ile fomu ndiye aliyenichagulia mfumo. Huenda hata hajui kama amechagua. Alifungua programu aliyoikuta kwenye kompyuta ya kazini, akachora kisanduku, akaenda kula. Juu yake kuna aliyenunua kompyuta hizo, na juu ya huyo kuna aliyesaini, na kote huko ukiuliza kwa nini iwe programu ile peke yake, utajibiwa kwamba ndivyo watu wote wanavyotumia. Watu wote wanaitumia kwa sababu fomu haifunguki penginepo. Mpwa wangu anaweza kung'oa kidirisha kwenye kompyuta yoyote ile, lakini flashi ya kuchomeka hapo hana.

"Basi nichape hapa kwenu," nikasema. "Nijaze kwa kalamu."

"Lazima iingie kwenye mfumo."

"Basi iingizwe."

"Mfumo uko chini leo. Uje baadaye."

Niliitafuta "Sasa". Kidirisha cha nyumbani, pamoja na ujeuri wake wote, hunipa vitufe viwili. Hapa palikuwa na kimoja, na aliyekishika alikuwa ameshamtazama mtu wa nyuma yangu.

Nilikuwa nimeshaanza kuzikusanya karatasi zangu nilipouona upande wa skrini yake kupitia kioo. Kwenye kona ya chini, mkono wa kulia, alikuwa amebandika kipande cha kalenda ya mwaka juzi, kimekatwa vizuri kwa mkasi, mraba kabisa, Desemba yote ikionekana mpaka sikukuu zenye wino mwekundu.

"Dada, samahani. Hiyo karatasi ni ya nini?"

Akageuka kuitazama kama mtu aliyeisahau. "Hii? Kuna kitu kilikuwa kinakujakuja hapa, kinanisumbua."

"Na sasa?"

"Hata sikioni."

Nikamwuliza kama amebakiwa na selotepu.