Barua ya Wazi kwa Hazina: Kariakoo Nasi Tunadai Risiti

Mtaa wa Kongo,
Kariakoo,
Dar es Salaam.

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Fedha,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

YAH: KUDAI RISITI YA FEDHA ZETU

Mheshimiwa, husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote, tunashukuru kwa elimu ya mlipakodi. Tangu mashine za EFD zilipoanza kutumika mwaka 2010, mmetufundisha somo moja bila kuchoka: ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Nusu ya kwanza tunaitekeleza, wengine kwa uzalendo na wengine kwa kuwaona maofisa wa Mamlaka ya Mapato (TRA) wakikata kona ya Mtaa wa Sikukuu. Leo tumeamua kutekeleza nusu ya pili. Bunge lilipitisha bajeti ya shilingi trilioni 56.49 kwa mwaka wa fedha 2025/26. Tumelipia, Mheshimiwa. Risiti iko wapi?

Utatujibu kwamba ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) ipo. Ni kweli ipo, na imeandikwa vizuri. Ndimo tulimosoma kwamba shirika letu la ndege, ATCL, lilipata hasara ya shilingi bilioni 91.8 mwaka 2023/24, baada ya hasara ya bilioni 56.6 mwaka uliotangulia. Tulisoma kwa wivu. Hapa Kariakoo hasara hairuhusiwi. Ukimwambia ofisa wa kodi kwamba mwaka huu biashara imekula mtaji, anatabasamu, anatazama rafu zako, anakupa makadirio. Tunaomba ATCL nayo ikadiriwe kwa utaratibu huohuo: aende kijana na kalamu, azitazame ndege zilivyopangwa uwanjani, awahesabu abiria kwa macho, kisha atamke kwamba faida ipo, ila wameificha stoo.

Tukija kwenye stoo, tuna pendekezo. Mei 2023 tulifunga maduka kwa sababu ya usajili wa stoo, kamatakamata ya risiti na kikosi kazi cha kodi. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alikuja Mnazi Mmoja, akakaa, akatusikiliza hadi tukakauka koo. Ikaundwa kamati ya watu 14. Juni 2024 tukafunga tena. Oktoba mwaka huohuo ikazinduliwa Tume ya Rais ya Maboresho ya Kodi chini ya Balozi Ombeni Sefue. Tumejifunza kanuni: Kariakoo ikifunga, kamati inafunguliwa.

Kwa kuwa mnapenda vikosi kazi, nasi tunaunda cha kwetu. Wapagazi wawili, dalali mmoja, mama lishe mmoja na mwenye fremu mmoja watapanda treni ya SGR hadi Dodoma. Watasajili stoo za wizara, watahesabu magari ya V8 yanayounguruma bila mtu ndani ili kiyoyozi kisizimike, na wataomba kuona risiti ya kila semina iliyofanyika hotelini wakati ukumbi wa wizara uko wazi. Posho hawataki. Mama lishe atawapikia.

Msione tunawaonea. Habari za matumizi tulizipata kwenu wenyewe. Tarehe 15 Julai 2021 mlianza kukata tozo kwenye miamala ya simu. Mama anayeuza uji Mtaa wa Aggrey alikatwa kila alipotuma fedha kwa mama yake Kondoa, akaambiwa avumilie, madarasa na vituo vya afya vinajengwa. Watu walilalamika, Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30. Mwaka uliofuata, Septemba 2022, ikapunguzwa tena, na mkatutangazia kwamba pengo litazibwa kwa kubana chai, vitafunwa, semina na safari za serikali. Hapo ndipo tulipokaa chini. Mwaka mzima mnamkata mama wa uji, kumbe fedha ilikuwa kwenye birika la ofisini!

Swali letu ni la kibiashara tu: kwa nini birika halikuwa la kwanza? Jibu tunalo, nalo si la kiuchumi. Kubana chai kunamuudhi mtu mnayekutana naye kila siku kwenye korido. Kumkata mama wa uji kunamuudhi mtu mnayekutana naye mara moja katika miaka mitano.

Na huo mwaka wa tano, Mheshimiwa, tunaupenda sana. Desemba 2018 machinga walianza kugawiwa vitambulisho kwa shilingi 20,000 na kuahidiwa kwamba hakuna atakayewabughudhi. Uchaguzi wa serikali za mitaa ukapita 2019, uchaguzi mkuu ukapita 2020. Oktoba 2021 machinga haohao waliambiwa wanaziba njia, meza zikaondolewa. Njia za Kariakoo hazikuwa zimepungua upana katika miaka hiyo mitatu. Kilichobadilika ni kalenda. Kabla ya kura machinga ni mnyonge anayetetewa. Baada ya kura ni uchafu wa jiji.

Ndugu zetu wa upinzani wasicheke. Nao wakifika hapa jukwaani huahidi kufuta kodi, kupandisha mishahara na kutibu watu bure, vyote kabla jua halijazama. Hatujamsikia mmoja akitaja wizara atakayoipunguza.

Jambo jingine ni jina la mlipaji. Soko Kuu la Kariakoo liliungua tarehe 10 Julai 2021. Kazi ya kulijenga upya ilianza Januari 2022 kwa takriban shilingi bilioni 28, na miaka miwili baadaye wenye vizimba walikuwa bado nje. Lakini katika kila hotuba tuliambiwa kwamba kiongozi "ametoa" fedha, tukatakiwa tupige makofi. Tulipiga. Sisi ni watu wa adabu. Ila kwenye risiti ya EFD jina la mnunuzi huandikwa, na aliyenunua soko lile ni mlipakodi.

Wazee wetu walitoa bila bango. TANU, chama kilichopigania uhuru, ilizaliwa hapahapa tarehe 7 Julai 1954, kwenye mtaa ambao leo ni Lumumba. John Rupia alikifadhili chama kwa fedha zake za biashara. Mshume Kiyate, muuza samaki wa soko la Kariakoo, alisaidia kuilisha nyumba ya Mwalimu Nyerere. Hakuna aliyetundika picha yake kwenye nguzo ya taa.

Tunajua pia gharama ya kuacha siasa za chama zishike funguo za Hazina. Mwaka 1979 Edwin Mtei, akikalia kiti chako, alitaka tuelewane na IMF. Ilionekana ni kusalimu amri, naye akajiuzulu. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, na mwenye katoni za sabuni stoo akawa adui wa taifa. Mwaka 1986, chini ya Rais Mwinyi, serikali ya chama kilekile ikasaini makubaliano na IMF ileile. Iwe masharti yale yalikuwa mazuri au mabaya, miaka saba ya foleni za sukari ilikuwa ndefu kuliko mjadala uliohitajika. Leo mwenye katoni zile ni mlipakodi bora siku ya tuzo na mkwepa kodi siku ya ukaguzi.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo:

Kwanza, kila bango la mradi lionyeshe gharama, tarehe ya kumaliza na jina la mlipaji, yaani walipakodi wa Tanzania. Picha si lazima.

Pili, kabla ya kuleta tozo mpya bungeni, Hazina iweke mezani orodha ya matumizi iliyokwisha kuyapunguza yenyewe, kwa shilingi. Birika litangulie.

Tatu, vibali, vitambulisho na bomoabomoa visitolewe wala kufanywa kwa kufuata msimu wa kura. Anayeruhusiwa mwaka wa uchaguzi aruhusiwe na mwaka unaofuata.

Mheshimiwa, utani tuuweke pembeni. Hatukatai kodi, barabara za Msimbazi na Gerezani tunazipita na tunajua hazikujengwa kwa dua. Tunachokataa ni mageuzi yanayoanzia kila mara kwenye droo ya muuza duka na kukoma mlangoni pa ofisi ya serikali.

Na ninyi wenzetu wa Kariakoo: ripoti ya CAG hukabidhiwa Machi na kuwasilishwa bungeni Aprili. Isomeni kwa macho yaleyale mnayosomea ankara ya kontena, kisha mumuulize mbunge wenu, wa chama chochote, kabla bajeti haijasomwa Juni.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mlipakodi wa Mtaa wa Kongo.

Nakala:
CAG – kwa taarifa, na pole.
Ofisi za vyama vyote – kabla hamjaagiza fulana.