Namna ya Kusherehekea Choo

Kwanza, waache wacheke. Ukisimama kwenye mkutano wa mtaa ukatangaza kwamba tarehe 19 Novemba ni Siku ya Choo Duniani, mzee mmoja atakohoa, kina mama wa nyuma watajifunika midomo kwa kanga, na hakosi kijana wa kuuliza kama siku hiyo kutakuwa na pilau. Usinune. Usiwaambie kwamba hili ni jambo zito. Nimekaa kwenye maadhimisho mengi yenye majina mazito, chini ya mahema, nikaona watu wakisinzia kuanzia hotuba ya pili. Choo hakimsinzishi mtu. Kicheko hicho ni mtaji, na mtaji huo hupoa upesi kama chai, kwa hiyo ukishaupata ingia kazini papo hapo.

Kuna watakaoguna: sasa kila kitu kina siku yake! Nawaelewa. Umoja wa Mataifa una siku ya jodari tarehe 2 Mei, ya nyuki tarehe 20 Mei, ya chai kesho yake, na tangu 2024 viazi navyo vina siku yao, tarehe 30 ya mwezi huohuo. Huko Marekani, mwaka 1984 Rais Ronald Reagan alitangaza Jumapili ya tatu ya Julai kuwa siku ya aiskrimu. Ukimsomea orodha hiyo mtu aliyetoka kupanga foleni ya maji, atakuona umekosa kazi. Lakini usizitupe zote kapu moja. Hata siku ya donati, ambayo ni rahisi kuidharau, ilianzishwa na Jeshi la Wokovu mjini Chicago mwaka 1938 kwa kuwakumbuka wanawake waliowakaangia askari donati kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila siku ya namna hii mimi huiuliza swali moja tu: kesho yake kuna kazi gani? Siku ya aiskrimu haina jibu. Siku ya choo ina kazi ya kutosha mwaka mzima.

Mjue na aliyeianzisha, maana utaulizwa. Ni Jack Sim, mfanyabiashara wa Singapore aliyeacha biashara akiwa na miaka 40 hivi, akaamua maisha yake yaliyobaki ayatumie kwa vyoo. Tarehe 19 Novemba 2001 alianzisha Shirika la Choo Duniani, na kwa makusudi akalipa jina ambalo kifupi chake kwa Kiingereza ni WTO, sawasawa na Shirika la Biashara Duniani. Watu walicheka, wakageuka kutazama, na walipogeuka wakakuta ana la kuwaambia. Miaka 12 baadaye, Julai 2013, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaipitisha siku hiyo rasmi.

Pili, litaje neno. Kiswahili kina heshima kubwa katika jambo hili: tunakwenda msalani, tunakwenda uani, tunajisaidia, tunakwenda haja. Basi la mkoani likisimama porini, abiria hushuka kuchimba dawa, na hakuna anayeuliza ni dawa gani. Naipenda adabu hiyo na sitaki ife. Ila kwa siku moja iweke kando useme choo, useme kinyesi, useme shimo limejaa. Nimeona kamati zikijadili fedha za rangi ya ukuta na za zulia la ofisi kwa saa nzima, halafu choo kikapita chini ya "mengineyo", kwa sababu kila mtu aliona aibu kukitaja mbele ya mgeni. Kisichotajwa hakipangiwi bajeti.

Hapo atainuka mtu aseme hii ni siku ya wageni, sisi mambo haya hatukuyazoea. Mpeleke Gedi, karibu na Malindi. Mji ule wa Waswahili, ambao UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024, una magofu ya nyumba za mawe zenye vyoo vya shimo ndani ya nyumba, na vilijengwa karne nyingi kabla ya sisi kuanza kugombania choo kimoja wapangaji wa vyumba nane. Ukitaka cha karibu zaidi, waulize wazee wa Tanzania wanaokumbuka mwaka 1973 na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa kwa vikundi kuizunguka redio, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo. Kwa hiyo hakuna mgeni anayetufundisha. Tunakumbushana tu.

Tatu, na hapa naomba unisikilize vizuri: chagua mgeni rasmi anayestahili. Najua barua ya mwaliko imeshaandaliwa kwa mkubwa fulani. Mkubwa aje, akae, apewe maji ya kunywa. Lakini kiti cha mbele katikati mpe chura.

Dar es Salaam ndivyo wanavyoitwa wanaume wanaoingia ndani ya shimo la choo na kulikomba kwa ndoo na koleo: vyura. Nyumba nyingi za jiji hili hazijaunganishwa na bomba la maji taka, na gari la kunyonya haliwezi kupita kwenye vichochoro vya upana wa mikono miwili. Shimo likijaa anaitwa chura. Huja usiku. Humwaga mafuta ya taa kuua harufu, hubomoa sakafu, hushuka. Wengi hushuka bila buti wala glovu, mahali penye vipande vya chupa, sindano na hewa inayoweza kumzimisha mtu mara moja. Alfajiri hulipwa, huoga, na mchana akipita mtaani watoto walewale waliokwenda chooni kwa raha asubuhi ile humcheka.

Asiyemudu kumlipa chura husubiri mvua. Mvua ikipamba moto usiku, hutoboa shimo lake, yote yakaenda na mtaro. Tunaita kutapisha choo, na neno hilo limetulia kabisa vinywani mwetu, kana kwamba ni shughuli ya msimu kama kupalilia. Mtaro haufiki mbali: hupita mbele ya genge la mboga, hupita kwenye bomba lililopasuka, huingia kisimani. Agosti 2015 kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam tulihesabu wagonjwa, tukafunga vibanda vya mama lishe na kuwalaumu wauza juisi. Sikusikia kikao hata kimoja kikimwita chura aje aeleze anachokiona kule chini, ilhali hakuna mtu jijini anayejua kuliko yeye ni mashimo gani yana kuta na yapi ni mchanga mtupu unaovuja kwa jirani.

Mwiteni basi. Mpeni kipaza sauti, na mkishampa msimpe fulana yenye nembo ya siku. Mpeni buti, glovu ndefu na bei ya haki.

Burudani sina mengi ya kusema. Ngonjera ziwepo, kwaya iwepo, igizo liwe fupi.

Nne, fungueni milango. Kabla chakula hakijagawiwa, mgeni rasmi, mkubwa na waandishi wa habari wainuke waende kwenye vyoo vya shule iliyo jirani, si vya walimu, vya wanafunzi. Shule haitakosekana, maana ndiko mahema hufungwa. Wahesabu matundu. Miongozo ya Tanzania inataka tundu moja kwa kila wasichana 20 na moja kwa kila wavulana 25, kwa hiyo shule yenye wasichana 400 iwe na matundu 20 yao peke yao. Watazame kama maji yapo, na kama kuna kopo la kuyachotea. Watazame pa kutupia pedi. Kisha kila mmoja aingie, avute mlango, aujaribu kuufunga.

Nalisisitiza la mlango kwa sababu yangu. Shule niliyosoma ilikuwa na matundu sita ya wasichana na hakuna hata moja lililokuwa na komeo. Tulikwenda wawili wawili. Mmoja aliingia, mwingine alisimama nje akaushika mlango kwa mkono na kuukaza kwa mguu, huku wavulana wakipita na maneno yao. Asiyekuwa na rafiki siku hiyo alijizuia mpaka kengele ya mwisho. Katika siku za hedhi wengine hawakuja kabisa, na ilipofika mitihani walimu walishangaa kwa nini wasichana wale waliokuwa mbele darasa la tano wamerudi nyuma darasa la saba. Komeo hununuliwa duka lolote la vifaa vya ujenzi, na fundi hulifunga kwa skrubu nne. Miaka yangu yote pale hakuna mtu mzima aliyeingia kwenye kile choo akavuta ule mlango.

Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani na UNICEF, mwaka 2022 watu bilioni 3.5 duniani hawakuwa na huduma ya choo iliyo salama, na milioni 419 kati yao walijisaidia vichakani na mahali pa wazi. Zisome jukwaani ukipenda. Mimi kila nikizisikia namwona mtu mmoja amesimama nje ya mlango, ameushika kwa ajili ya mwenzake.

Mwisho ni tarehe 20 Novemba. Mahema yameshushwa, vipaza sauti vimerudishwa kwa mwenye navyo, viti vimehesabiwa vimekutwa pungufu. Rudi pale shuleni wakati wa mapumziko, bila gari la msafara. Nenda na bisibisi mfukoni, makomeo mawili ya akiba na skrubu. Simama mbali kidogo uwatazame wasichana wanaokwenda chooni. Kama bado wanakwenda wawili wawili, subiri watoke, kisha anza na mlango wa kwanza.