Dale ni ya Julai

Kuanzia Mei hadi Septemba, Lubumbashi haina dale, yaani paa bapa la zege, inayovuja. Mvua hakuna, kwa hiyo mafundi wote ni hodari na dhamana ya miaka 10 ni ya kweli kabisa. Ngoja Novemba. Usiku wa kwanza tu, beseni la kufulia linahamia sebuleni na kochi linahamia ukumbini.

Mwaka huu nikasema nitafute dawa ya kudumu. Fundi wa kwanza ni mtu wa rufingi, ile mikeka myeusi ya lami inayobandikwa kwa moto wa shalumo. Akaipiga kofi roli yake ya milimita 4: “Papa, hii ni ya Ulaya!” Huenda. Ila ilikuwa imesimamishwa juani, mwezi wa Oktoba, imelegea kiuno kama mlevi wa mwisho wa mwezi. Wa pili ana rangi ya mpira, ya ndoo, unapaka tabaka mbili na kitambaa katikati. Yeye anasema rufingi huachia kwenye maungio. Wa tatu atatia dawa kwenye simenti apige shape mpya, lile tabaka la simenti la juu, maana rangi, anasema, hubanduka. Wa rufingi naye anacheka: Julai hapa usiku ni baridi ya koti na mchana ni jua la shati, dale inatanuka na kujikunja, hiyo simenti itapasuka tu. Kila mmoja amenihakikishia kwamba wenzake ni waongo. Kwa hilo nawaamini wote watatu.

La ajabu, hakuna aliyeuliza maji yanaelekea wapi. Dale inataka mteremko, hata sentimita 1 kwa kila mita, na tundu la kutolea maji lililo chini kuliko pengine pote. Langu liko juu. Aliyejenga alilifanya pambo. Maji yanakusanyika kona ya pili, yanakaa wiki nzima, mbu wanazaliana, na mimi nauziwa ngozi.

Halafu kuna nondo. Kama kila mwenye nyumba wa mji huu mwenye akili timamu, nimeziacha zimesimama juu, zinangoja etaji, ghorofa ya juu. Maji yanazifuata taratibu mpaka kwenye dari. Wa rufingi anataka kuzikata, ati mkeka haushiki vizuri kuzunguka vyuma. Azikate! Majirani wataonaje? Nondo zikiwapo, mimi ni mtu anayeendelea kujenga. Zikikatwa, nimemaliza, na nyumba ndiyo hii.

Shemeji, ambaye hakuombwa ushauri, anasema niezeke mabati juu, yamwage maji upande mmoja, basi. Bei yake hata haitishi. Lakini watu walipiga beto ya dale hii siku nzima, tukawachinjia mbuzi, leo niifiche chini ya bati? Na mama watoto anauliza ataanika nguo wapi.

Nimewawekea wote sharti moja: tuzibe tundu, tujaze maji juu, tungoje saa 48, dari likibaki kavu ndipo nilipe. Wa rangi hajarudi tena. Wa simenti simu yake haipatikani. Wa rufingi amekubali, ila bomba letu halijatoa maji tangu Jumatatu, kwa hiyo anasema tuiachie mvua ijaribu yenyewe. Malipo anayataka kabla.