Sifa za Pengo la RAM

Waswahili tumezoea kuusifu mwanya wa meno ya mbele, tukauhesabu kuwa ni pambo alilotunukiwa mtu na Mola wake, hata mwenye nao akacheka pasipo la kuchekesha. Lakini sijapata kumsikia malenga wala fundi aliyelitungia japo kibwagizo pengo lile jembamba lililokatwa katika ukingo wa kipande cha RAM, baina ya safu za miguso ya dhahabu, ambalo kila mwenye kutaka kuiongezea kumbukumbu kompyuta yake ya mezani hana budi kulipigia hodi kwanza. Watu hulitazama kwa ghadhabu, ikiwa hulitazama kabisa. Nami naona hiyo ni dhuluma, na madhali watukufu wamekwisha kupata wa kuwasifu, kalamu hii naielekeza kwa hili lililo dhalili.

Nasaba yake si ya kubezwa. Mahali pa pengo hili huamuliwa na JEDEC, baraza la viwango lililoasisiwa Marekani mwaka 1958, ambalo mwaka 2000 lilitoa kanuni za RAM ya DDR, yenye miguso 184 na kutumia umeme wa volti 2.5, kisha likaendelea kizazi baada ya kizazi hadi DDR5 ya mwaka 2020, ambayo hutosheka na volti 1.1. Sasa na azingatie mtu: DDR2 na DDR3 zote zina miguso 240, DDR4 na DDR5 zote zina 288, urefu wao ni mmoja, na mnunuzi aliyezishika mkononi chini ya taa hafifu ya duka angeapa kuwa ni pacha. Kinachozitenga ni pengo lililosogezwa kando milimita chache tu, na katika milimita hizo chache imehifadhiwa salama ya ubao mama, ya prosesa na ya mfuko wa mwenye mali.

Fadhila yake ya kwanza ni kutokula rushwa. Zitazame, mathalan, zile kompyuta za Dell ziitwazo OptiPlex zilizokwisha kutumika katika ofisi za Ulaya, zikafika Dar es Salaam na Nairobi zimepanguswa vumbi. Prosesa za Intel za kizazi cha sita, zilizotoka mwaka 2015, zilikubali aina mbili za RAM, basi Dell wakaipa OptiPlex 3040 DDR3L, yaani DDR3 ya umeme mdogo, na OptiPlex 7040, nduguye wa rika lake, wakaipa DDR4. Bwana mwenye 3040 amemwona jirani yake mwenye 7040 akinunua DDR4 ya gigabaiti 8. Masanduku yanashabihiana, nembo ni ile ile. Naye hununua, akarudi nyumbani, akaifungua kompyuta ubavu. Pengo humkatalia. Hubembeleza kwa kidole gumba, hukataliwa. Hugeuza upande wa pili, hukataliwa. Humtaja muuzaji aliyemwapia kwamba RAM ni RAM, na hilo nalo halifui dafu. Pengo halina shemeji, halina mtu wa kwao, halisomi risiti. Wako wanaolishinda kwa mabavu, nao hupata walichokitafuta, yaani sloti iliyopasuka.

Mahasidi watasema kwamba ulinzi wake ni wa nusu nusu, maana yako yanayolipita bila kuulizwa. Ni kweli, na hapo ndipo adabu yake inapodhihiri, kwani huhukumu kizazi tu, wala haliingilii yasiyo yake. DDR3 ya volti 1.5 huingia kwa raha katika sloti ya DDR3L ya volti 1.35, ijapokuwa Intel walionya kwamba prosesa za kizazi kile cha sita zaweza kudhurika kwa umeme huo. DDR4 iliyong'olewa katika seva, ambayo aghalabu huuzwa kwa bei ya kutia tamaa, nayo huingia katika kompyuta ya mezani ya kawaida, ikabana kwa mlio mtamu, na kompyuta ikiwashwa kioo hubaki cheusi. Pengo limenyamaza.

Lakini lingekuwa lajua yote, nani angesoma kitu? Kwa kunyamaza kwake limewafanya watu wazima, ambao hawajafungua kitabu tangu waachane na mwalimu wao, waupekue mwongozo wa mtengenezaji ukurasa kwa ukurasa wakitafuta kikomo cha gigabaiti. Wafungue Task Manager wahesabu sloti zilizo tupu, na waangalie kama ni DIMM au SODIMM (maana kompyuta zile ndogo zinazofichwa nyuma ya kioo hutumia RAM fupi ya kompyuta mpakato, na huko urefu wenyewe humaliza shauri kabla pengo halijaamka). Waichomoe RAM ya zamani na kuisoma lebo yake kwa miwani, herufi kwa herufi, kwa unyenyekevu ambao hata barua ya benki haijapata kuuona.

Wala lisidhaniwe kuwa ni kaidi lisilobadilika. Katika DDR5, ambapo RAM ya seva hulishwa volti 12 na ya kompyuta ya kawaida volti 5, kisha umeme ukapunguzwa juu ya kipande chenyewe, pengo la kila moja limewekwa mahali pake, hata ya seva haiwezi tena kujipenyeza. Hivyo wale wauzaji ambao miaka yote wameitoa RAM ya seva kwa maelezo kwamba ni ile ile ila ina nguvu zaidi, itawabidi, DDR4 zikishamalizika madukani, watunge maneno mengine.