Shubiri ya Bure

Mlangoni kwangu hapa Bamburi Mtambo pana mshubiri. Sikuupanda mimi. Aliupanda mama mkwe ndani ya debe la rangi mwaka tuliohamia, akasema unakinga husuda. Kwa husuda sijui, maana sijaona nilicho nacho cha kuhusudiwa, lakini mtaa mzima unaujua. Mtoto akiungua, mtu huyo mlangoni na kisu. Mama akitaka kumwachisha mwanawe ziwa, huyo mwengine. Nami miaka yote nimenyamaza, nikijua mti si wangu bali mimi ndiye mlinzi wake.

Balaa lilianzia shingoni. Kila nikinyoa ndevu natoka vipele, na kwa joto la hapa kola ya shati inakuwa msasa. Duka la dawa wakanionyesha kopo la jeli ya shubiri, shilingi 650. Nikarudi nyumbani nikilalamika, binti yangu akaniangalia kama mtu asiye na akili timamu. "Baba, utanunua vipi na mti uko mlangoni? Si bure?"

Neno hilo, bure, lilinifikisha sokoni Marikiti siku ya pili yake. Kumbe jani peke yake halitoshi. Palitakiwa gliserini, 180. Palitakiwa unga mweupe uitwao zanthani, wa kuifanya jeli nzito, 400 kwa kifuko ambacho ukikipigia chafya kimekwisha. Vidonge vya vitamini E, 300. Marashi mawaridi, 150, kwa sababu mama watoto alisema hataki kulala na mtu anayenuka kachumbari. Nauli kwenda na kurudi, 160.

Sasa kazi. Jani la shubiri ukilikata linatoa vitu viwili, na watu wengi, mimi nikiwa wa mbele, hudhani ni kimoja. Kuna ute mweupe wa katikati, ule wa ngozi. Halafu kuna maji ya manjano yanayotoka chini ya ganda, na hayo ndiyo shubiri yenyewe, ile ile ambayo mabaharia wa zamani walikuwa wakiipakia Sokotra, imekaushwa mabonge meusi, kuwauzia watu wa kufunga choo. Ni kali kwa tumbo na huwasha ngozi. Kwa hiyo majani husimamishwa ndani ya ndoo, mkato chini, robo saa nzima, mpaka yale manjano yachuruzike yaishe, kisha majani huoshwa. Mimi niliyapa dakika tano. Mpira ulikuwa unaanza.

Nikamenya, nikatia kwenye blenda. Lilipotulia povu, sikuona jeli, niliona maji ya kuoshea mchele. Ule ute unaouona mzito ndani ya jani, sehemu kama 99 kwa 100 ni maji tu, ukiusaga umeuvunja. Ya dukani husimama kopo zima bila kumwagika kwa sababu imetiwa kitu cha kuishikilia. Haya, nami nikamwaga zanthani yangu. Ikafanya madonge, kama uji uliopikwa na mtu aliyegombana na mwenye nyumba. Baadaye binti akanisomea mstari wa maelekezo alioruka: unga huo huchanganywa kwanza na gliserini, ndipo uingie majini. Baadaye!

Ili kuyatoa madonge nikatafuta chujio. La chai ni dogo. Nikaona kifumbu kimetundikwa ukutani, kile cha kukamulia tui. Nikakamua humo, nikakisuuza mara moja kwa maji ya bomba, nikakirudisha kwenye msumari wake. Hapo ndipo pa kunihukumu.

Ijumaa mama mkwe akaja kula. Wali wa nazi, samaki wa kupaka. Akatia tonge la kwanza, akatafuna taratibu, akameza kwa adabu ya watu wazima, akanywa maji. Akanitazama mimi, si binti yake.

"Baba," akasema, "mwataka kuniachisha wali?"

Mama watoto akaonja. Watoto wakaonja. Ukimya uliofuata sitaki kuueleza. Ladha ya shubiri haiondoki kwenye ukili kwa kusuuzwa mara moja, hilo nimelipa ada kulijua.

Basi angalau jeli ingefaa. Usiku wa kwanza iliniwasha, hayo ni yale manjano ya dakika tano. Siku ya tatu stima ilipotea usiku kucha, na jeli iko kwenye friji. Siku ya nne nikafungua kopo, likanijibu harufu ya kaa aliyesahauliwa mtegoni, na juu limeota manyoya ya kijivu. Nilikuwa nimeambiwa vitamini E inahifadhi. Inahifadhi mafuta yasiharibike. Ukungu na vijidudu vya majini haivishughulishi. Kinachozuia huo uozo ni dawa maalumu ya kuhifadhi, inayopimwa kwa mizani ya gramu, nami mizani niliyo nayo ni ya kupimia viazi.

Kilichoniuma ni kwamba mtaani kwetu hapa, mwaka 1971, bwana René Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo ya kiwanda cha simiti. Mvinje ukakubali, lakini majani yake yakakataa kuoza, ikabidi alete majongoo wayatafune yawe udongo. Leo pale ni Haller Park, twiga wanalishwa na watoto wa shule. Yeye alihangaika kutafuta wa kuozesha, mimi kopo moja limeoza bila mwaliko.

Mwaka 1986 serikali ilipiga marufuku kuvuna shubiri za porini. Laiti wangeongeza na za mlangoni.

Hesabu: vifaa na nauli, 1,190. Kifumbu kipya, 150. Jumla 1,340, yaani makopo mawili ya dukani na mahamri manne juu. Vipele vipo. Kinyozi ameniambia niache kunyoa kinyume na vinyweleo, ushauri alionipa bila kunitoza kitu.

Mshubiri bado uko pale kwenye debe. Anayetaka jani aje na kisu chake, akate, apake, atupe linalobaki. Kifumbu haazimwi mtu.