Biva Amepata Makaratasi Kabla Yangu

 Shangazi, najua barua hii inasomwa kwa sauti barazani.  Kazi ya kuwahudumia wazee inaendelea, na baridi imelegea kidogo; siku hizi nalala na soksi jozi moja tu.

Uliniuliza kwenye simu kama ni kweli natembea porini peke yangu gizani. Aliyekupelekea habari hizo namjua, tutaonana nikirudi. Ukweli ni kwamba nikitoka zamu jioni basi la mwisho limeshapita, na njia ya mkato inafuata Mto Otter, huku Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza. Si mto wa kumtisha mtu wa Pangani. Hauna mamba, hauna kiboko, na pengine unavuka bila maji kufika kiunoni.

Sasa juzi nimekuta mwerebi umeangushwa njiani. Kisiki chake hakikuguswa na shoka wala msumeno. Kimetafunwa mzunguko mzima mpaka ikabaki ncha katikati, na kwenye ile ncha kuna mistari ya meno, mawili mawili, imepangika vizuri kuliko kazi ya seremala wetu. Vibanzi vimetapakaa chini. Mbele kidogo kuna vijiti vilivyomenywa gome vikawa vyeupe pe, na ukingoni kuna mahali tope limelainishwa na tumbo la kitu kizito kinachoteremka majini kila siku. Mtu aliyelelewa na wewe akiona kitu kinachotafuna miti, hangoji kukijua jina. Nikaongeza mwendo. Ndipo nikasikia majini: pwaa!

Kesho yake nikamsimulia mzee mmoja ninayemwogesha, mkulima mstaafu. Akafurahi kuliko siku aliyotembelewa na mwanawe. "Huyo ni biva," akasema, kisha akanipa darasa mpaka chai ikapoa.

Biva ni wa jamii ya panya, Shangazi, ila ni panya wa kilo 20 na zaidi. Meno yake ya mbele yana rangi ya chungwa kwa sababu yana madini ya chuma, na hayaachi kuota maisha yake yote. Mkia wake ni bapa, una magamba, mfano wa mwiko wa kusongea ugali wa msibani. Huo ndio alioupiga majini kuwaonya wenzake kwamba nimefika. Samaki hali, kwa hiyo wavuvi wa hapo barazani watulie. Chakula chake ni magome, majani na mimea ya majini. Kupanda mti hawezi, basi anauangusha wote ili afikie matawi ya juu. Na mwerebi wenyewe haufi, unachipua tena kisikini.

Halafu ni mkandarasi. Kijito kikiwa na kina kifupi anakiziba kwa magogo, tope na mawe mpaka maji yajae, kwa sababu anataka mlango wa nyumba yake uwe chini ya maji, adui asiuone. Hatangazi tenda, hakuna mbio za mwenge wala waziri wa kukata utepe, na bwawa likivuja analiziba usiku huohuo. Penye kina cha kutosha, kama hapa ninapopita, hajisumbui: anachimba shimo ukingoni na kuhamia na mkewe na watoto.

Swali lako linalofuata nalijua. Watu wa huku walimla zamani, ndiyo. Manyoya yake walifanya kofia, na mafuta ya tezi zake wakafanya dawa na manukato. Wakamwinda mpaka akatoweka Uingereza nzima miaka 400 hivi iliyopita. Mwaka 2008 ndipo watu wa mto huu walipoanza kusimulia kwamba wamemwona, na mwaka 2014 akanaswa kwenye video akiwa na familia. Nani aliyemleta? Hakuna anayejua, au anayejua amenyamaza. Viza hana, mwajiri hana, uwanja wa ndege hakupita.

Hapo sikiliza vizuri, maana wewe ndiye uliyeuza mbuzi wangu mwaka ule wa makaratasi. Unakumbuka nilivyopigwa picha ya kifua kuthibitisha sina TB, nikaleta cheti cha polisi, nikafanya mtihani wa Kiingereza. Serikali ilitaka kuwakamata biva na kuwaondoa. Wenyeji wakaja juu! Watu ambao wakikutana na jirani husalimiana kwa habari za mvua tu, wakagoma kabisa: biva haondoki. Basi serikali ikakubali wabaki wakionekana wazima; wakakamatwa, wakapimwa minyoo, wakapimwa na TB ya ng'ombe. Wakakutwa wazima. Machi 2015 wakarudishwa mtoni chini ya uangalizi wa shirika la wanyamapori la hapa Devon, kwa majaribio ya miaka 5.

Miaka 5, Shangazi! Ileile niliyoambiwa nifanye kazi kwanza ndipo niombe ukaaji wa kudumu, na hiyo nayo mwaka 2025 serikali ilisema inataka kuirefusha. Agosti 2020 biva akaruhusiwa kubaki moja kwa moja. Alianza na familia mbili, muda ulipokwisha zikatajwa hadi 15, na hakuna aliyemuuliza kama mshahara wake unatosha kulea wategemezi. Oktoba 2022 sheria ikamlinda kote England, kumdhuru ni kesi. Mtihani wa Kiingereza hajafanya mpaka leo.

Simwonei wivu. Nasema tu kwamba nimeona.

Si kila mtu anampenda, lakini. Mwenye nyumba wangu amekuta mti wake wa tofaa umeanza kung'atwa, sasa ameuzungushia wavu wa chuma na kila asubuhi anaukagua kabla ya kunywa chai. Wapo wakulima ambao mashamba yao yanajaa maji kwa sababu ya mabwawa hayo. Kwa upande mwingine, juu ya kijiji cha East Budleigh watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter walipima na kukuta kwamba mabwawa ya biva yanapunguza wingi wa maji yanayoteremka kwa kishindo wakati wa mvua kubwa. Hivyo wa juu analalamika, wa chini anashukuru, na biva anaendelea na gome lake.

Mzee wangu aliniuliza kama mto wa kwetu nao una wanyama. Nikamwambia tuna kiboko. Akataka kujua nani anampima afya. Nikamjibu kwamba kwetu kiboko ndiye anayekupima wewe, kwa macho, na majibu hutoka papo hapo.

Kuhusu paa la jikoni, nimetuma hela jana kwa simu. Fundi apewe nusu. Nusu nyingine aione akishashuka kwenye ngazi, na mvua ikishanyesha mara moja.

Wako mtiifu,
mwana wa kaka yako