Sifa za Mafuta ya Taa Ndani ya Dizeli

Mafuta ya taa yaliyochanganywa kwenye dizeli hayajui makuu. Hayana bango kituoni, na hukubali kuuzwa kwa jina la mwenzake. Ukarimu wake kwa mafundi hauna kifani. Pampu nyingi za mafuta za injini ya dizeli hulainishwa na mafuta yaleyale yanayopita ndani yake, na mafuta ya taa ni mepesi mno kwa kazi hiyo: vyuma husagana, nozeli hulika, na lori lililotoka bohari za mafuta za Kurasini, Dar es Salaam, likiwa zima huishia gereji ya Chang'ombe likitoa moshi. Kijana wa chuo cha ufundi cha VETA, hapohapo Chang'ombe, angefungua pampu ngapi kama kila lita ingekuwa safi?

Lugha nayo imefaidi. Mnamo 2010 neno "kuchakachua", yaani kuchanganya mafuta kwa hila, lilivuma Tanzania nzima, na kwa kuwa ulikuwa mwaka wa uchaguzi, likahama vituo vya mafuta likahamia vituo vya kura. Mwaka huohuo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ikaanzisha uwekaji wa vinasaba kwenye mafuta, yaani kemikali maalumu ambayo ikipungua kipimoni hufichua mchanganyiko. Dizeli ikawa kama mtoto anayegombewa, mpaka ipimwe ndipo baba ajulikane.

Chanzo cha neema hii kilikuwa huruma. Mafuta ya taa yalitozwa ushuru mdogo kuliko dizeli ili mnyonge awashe kibatari, na tofauti hiyo ya bei ndiyo iliyowavuta wachakachuaji. Bajeti ya 2011/12 ikapandisha ushuru huo. Faida ya ujanja ikayeyuka, na bili ikamwangukia mwenye jiko la mchina, ambaye hakuwahi kuchakachua chochote isipokuwa labda uji.

Anayedhani kuhama dizeli na kutumia hidrojeni kutaufuta uchafu kazini anaudharau. Katika seli ya hidrojeni, umeme huzaliwa juu ya platinamu, na kaboni monoksidi, gesi ileile ya jiko la mkaa iuayo waliolala chumba kilichofungwa, huikalia platinamu hiyo, hidrojeni ikakosa nafasi. Kiwango cha kimataifa, ISO 14687, hakiruhusu gesi hiyo izidi sehemu 0.2 kwa milioni kwenye hidrojeni ya magari. Salfa haipewi hata hizo, ni 0.004 tu. Kaboni monoksidi hufukuzika kwa kupitisha hewa kidogo. Salfa ikishakaa ni vigumu kuiondoa, na kitambaa ambacho fundi huchujia dizeli yenye mchanga hakiigusi.